Ngoma Nne, Mzigo Mmoja

Ojwang alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya stoo ya ukumbi wa sherehe, fuvu limepasuka kisogoni, na damu yake imetambaa mpaka chini ya viti vya ukumbi. Kando yake ilikuwapo stendi ya chuma ya kushikia sahani za ngoma, imepinda katikati, nywele zimeganda kwenye ncha. Inspekta Mulei alihesabu majeraha sita, kisha akaacha kuhesabu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Juni 1995, Kawangware 46, Nairobi. Marehemu alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya Celine, na mchana huo walikuwa na harusi ya kupigia. Ngoma zake hazikuwapo.

Mulei hakupata hata nafasi ya kuinama vizuri. Nje kulikuwa na kelele, na hizo hazikuwa za kilio. Watu walikuwa tayari wameshajipatia muuaji wao.

Alimkuta Wesonga, msukuma mkokoteni, amezungukwa na watu kama hamsini. Mawe yalikuwa yamemtoboa kichwa, jicho moja halionekani, tairi limeshavishwa shingoni na mtu mmoja anatikisa kibiriti. Mulei alifyatua risasi mbili hewani.

"Afande, tuachie tummalize! Ameua!"

"Nani amemwona akiua?"

"Si ako na mkokoteni? Hizo ngoma zingebebwa na nini?"

"Na ziko wapi kwenye huo mkokoteni?"

Mulei alichungulia mwenyewe. Mkokoteni ulikuwa na magunia mawili ya makaa, basi. Jamani! Tairi walilipata haraka, lakini kuchungulia mkokoteni wenyewe ilikuwa kazi ngumu.

Koplo Nelima, mwanamke mwenye mabega ya mpanda milima, alimbeba Wesonga mpaka kwenye Land Rover. Mkewe, Filister, alishika mlango wa gari akakataa kuuachilia.

"Afande, huyu anakufa, mimi naona. Asife akiitwa muuaji. Watoto wangu wanasoma hapa Gatina. Watapita wapi?"

"Nitamtafuta aliyeua, mama."

"Mtafute leo. Kesho itakuwa umechelewa."

Mulei aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameona lile tundu la kichwani, na yeye pia alijua.

Mbele ya mlango wa nyuma wa ukumbi, Nekoye huuza uji. Sufuria yake ilikuwa imepinduliwa kwenye vurugu na alikuwa na hasira zake.

"Nani alipiga kelele kwanza?" Mulei aliuliza.

"Mwanamume alitoka hapo nyuma. Akasema, 'Ojwang ameuawa, shikeni huyo wa mkokoteni!' Watu wakakimbia."

"Ulimwona uso?"

"Alikuwa amefunga koti mpaka shingoni na kuvuta kofia ya sufu mpaka kwenye macho. Mgongoni alikuwa amebeba ngoma, imefungwa blanketi. Nikajua ni mtu wa bendi."

"Ngoma ngapi?"

"Moja."

"Una hakika?"

"Afande, kwani mtu ana migongo mingapi?"

"Akaenda wapi?"

"Njia ya miguu, upande wa Kibera."

Basi mtu huyo alijua Ojwang amekufa kabla mlango haujafunguliwa na mtu mwingine yeyote. Lakini ngoma moja? Mulei alikwenda kwa Celine, mwimbaji na mwenye bendi, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi akijifuta machozi.

"Ngoma za Ojwang zilikuwa ngapi?"

"Nne. Ile kubwa ya kupigwa kwa mguu, snea yenye waya chini, na mbili ndogo."

"Shahidi ameona moja tu."

Celine alimtazama, kisha akaanza kulia upya. "Si zinaingiana! Kama sufuria za dukani. Unafungua uso wa ile ya mguu, nyingine zinaingia tumboni, moja ndani ya moja. Mtu mmoja anabeba zote. Ndiyo maana tulizitaka."

"Nani anajua kuzipanga?"

"Si rahisi. Ukikosea unapasua ngozi. Mimi mwenyewe nimeshindwa. Ni Ojwang, na aliyezitengeneza."

"Nani?"

Celine alijifuta pua kwa kanga. "Boaz. Fundi wa Kibera. Alikuwa mpiga ngoma wetu kabla ya Ojwang."

"Mbona alitoka?"

"Nilimtoa mimi. Ngoma alizopiga yeye zilikuwa kubwa kama mapipa, lazima Wesonga azisukume kwa mkokoteni. Mvua ikinyesha wamekwama. Harusi imeisha, wao bado wako njiani. Ningefanyaje, afande?"

Mulei alifunga daftari lake. Alimwita Nelima, aliyekuwa amerudi kutoka hospitali na damu ya Wesonga kwenye sare. Nelima alivaa koti kuficha sare, wakaondoka.

Karakana ya Boaz ilikuwa mabati matatu na turubai, karibu na reli. Boaz alikuwa mtu mwembamba, mikono mikubwa, anapiga randa ubao. Shati lake lilikuwa jipya, bado lina mikunjo ya dukani.

"Habari ya kazi, fundi? Tunatafuta ngoma za kanisa," Mulei alisema. "Tunahamahama. Leo hapa, kesho kule."

Uso wa Boaz ulikunjuka. Maskini, hakuweza kujizuia. "Basi usinunue ya mguu ya inchi ishirini na mbili, itakutesa. Chukua kumi na nane. Sauti unaipata kwa ngozi, si kwa ukubwa. Stendi ziwe nyepesi, za kukunja. Na usibebe ngoma nne mikononi, utazigonga kila mlango. Zipange moja ndani ya nyingine, halafu uweke nguo katikati zisisuguane. Wengi hawaweki nguo. Ni wajinga."

"Nionyeshe moja."

"Sina iliyo tayari."

"Na hiyo kwenye blanketi, nyuma yako?"

Randa ilisimama. Mkono wa Boaz ulishuka polepole kwenye meza, na uliporudi juu ulikuwa na patasi.

Ilimchana Mulei mkono kutoka kiwiko mpaka kifundo. Mulei aligonga nguzo, turubai likawaangukia, na patasi ikaja tena ikimtafuta shingo. Nelima alipiga rungu mara moja. Mfupa wa mkono wa Boaz ulilia kama ukuni mkavu. Akapiga tena, gotini, na Boaz akaanguka kwenye maranda akipiga mayowe.

"Hiyo ya pili ni ya Wesonga," Nelima alisema, akamtia pingu.

Mulei alijifunga mkono kwa kitambaa na kufungua blanketi. Ngoma ya mguu. Ndani yake nyingine, imezungushiwa taulo. Ndani yake nyingine, imezungushiwa gunia. Ya nne, ndogo kuliko zote, ilikuwa imezungushiwa shati la buluu, limekunjwa vizuri, limelowa damu kifuani na kwenye mikono.

"Ulikosa nguo ya kuweka katikati," Mulei alisema.

Boaz alifumba macho. "Zingesuguana."

"Umempasua mtu kichwa, kisha ukavua shati lako zisisuguane?"

"Ni kazi ya mikono yangu, afande. Ningeziharibu vipi?"

Kituoni hakusumbua. Alieleza yote huku mkono umefungwa kwa banzi.

"Celine aliniambia ngoma zangu ni kubwa. Nikakaa miezi minne nikikata, nikipima, mpaka zikaingiana. Ojwang akaziona, akaniomba nimuuzie. Nikamuuzia, nikijua nitatengeneza nyingine. Wiki iliyofuata Celine akanifukuza, akamchukua yeye. Kwa nini? Kwa sababu ya ngoma! Ngoma zangu! Nilijifukuza kwa mikono yangu mwenyewe."

"Na leo asubuhi?"

"Nilienda kumwomba anipishe leo tu, harusi moja. Nipige ngoma zangu mara moja mbele ya watu. Akacheka. Akasema fundi wa viti akae kwenye viti. Akanipa mgongo afungue stendi ya pili. Ya kwanza ilikuwa karibu na mkono wangu."

"Wesonga alikukosea nini?"

Boaz aliinamisha kichwa. "Hakuna. Alikuwa anapita na makaa. Nilitaka watu waangalie upande mwingine nipate kupita."

"Ulijua watamfanya nini."

"Nilijua."

Mulei alisukuma karatasi ya maungamo mbele yake, naye akatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Kisha Mulei akapiga simu hospitali. Alitaka Filister apewe habari haraka, na mumewe aambiwe sikioni, hata kama hasikii, kwamba jina lake ni safi. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia Wesonga alikata roho saa tisa na nusu. Ilikuwa saa kumi na dakika tano.

Mulei alishusha simu. Alitamani kumpiga mtu, na aliyekuwa mbele yake alikuwa ameshavunjika.

"Amekufa," alisema. "Sasa ni wawili."

Boaz aliutazama mkono wake wenye banzi. "Alinibebea ngoma miaka saba," akasema. "Hakuwahi kuangusha hata moja."

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Filister, ametoka hospitali kwa miguu, na viatu vya mumewe kwapani. Koplo wa mlangoni alikuwa amemwambia kila kitu. Nelima alisogea kumzuia, lakini yeye hakumrukia mtu. Alisimama mbele ya Boaz.

"Ulikuwa ukila kwangu kila Jumapili," alisema. "Twende basi. Twende Gatina, ukawaambie watoto wangu kwa mdomo wako, kama vile ulivyowaambia wale watu."

Boaz alianza kulia. Filister hakuondoka, alibaki pale akimngoja asimame.