Mwenye Ukuta

Asubuhi baada ya kutuma makala yake kwenye jarida la usanifu wa majengo, Bi Mchoro aliingia sebuleni akakuta viti vyote vimegeuzwa. Vilielekea ukuta wa matundu, kama watu waliokaa kumsikiliza mtu.

"Baba Kidosho, ulifagia?" alimuuliza mumewe.

"Mimi na ufagio wapi na wapi?" alijibu yule bwana, akihangaika kutafuta funguo za duka lake la dawa.

Wakacheka. Bi Mchoro akavirudisha viti mahali pake, akaenda kazini.

Nyumba ile ilijengwa na babu yake mumewe miaka ya hamsini, wakati watu wa mjini walipochoka na nakshi wakataka mistari iliyonyooka. Ilikuwa na paa bapa, sakafu ya terazo, na ngazi zilizochomoza ukutani bila nguzo ya kuzishika. Viti vyake vya mbao vilitanua miguu myembamba kama ndama aliyezaliwa jana. Upande wa magharibi wa sebule haukuwa na dirisha. Ukuta mzima ulikuwa wa matofali yenye matundu, ukipitisha upepo na kukatakata mwanga wa jioni sakafuni.

Bi Mchoro, aliyepewa jina hilo ofisini kwa kuchora ramani ambazo wengine walizitia sahihi, aliipenda nyumba hiyo kuliko wenyewe walioirithi. Aliiandikia makala, majarida yakamkatalia, akaandika tena, yakamkatalia tena, hadi ikawa utani wa mezani. Safari hii aliipiga picha mwenyewe, kila pembe, akazituma pamoja na maandishi huku amefumba macho.

Baada ya viti ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya saruji mbichi, nzito, ya kukaba koo. Aliwauliza majirani nani anajenga, wakamshangaa. Kisha mchana mmoja, akiwa peke yake nyumbani, akasikia ko, ko, ko, mwiko ukigonga tofali. Alitoka nje, hakukuwa na mtu. Aliporudi ndani sauti ilikuwa imehamia ndani ya ukuta.

Jioni iliyofuata alimkuta binti yake, Kidosho, ambaye hata shule hajaanza, amepiga magoti sebuleni, jicho kalibandika kwenye tundu.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mwenye ukuta."

"Mwenye ukuta gani tena?"

"Anasema ulimpiga picha bila kubisha hodi."

Bi Mchoro aliweka mkoba chini. Alimvuta mtoto pembeni, akainama kuchungulia tundu lile lile, ambalo upande wa pili lilipaswa kuonyesha bustani na kamba ya kuanikia nguo, lakini hakuona bustani wala kamba, aliona giza lililokwenda mbali kuliko unene wa tofali lolote, na ndani ya giza hilo kitu kilicholowa, karibu kabisa na jicho lake, kikajifumba taratibu, kikafumbuka tena, kikamtazama.

Usiku ule Kidosho alichemka homa. Baba yake alimpa kila alichojua kumpa; homa haikutikisika. Kulipokucha wakaona kucha za mtoto zimejaa unga wa saruji, na alipofungua kinywa kuomba maji, sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mzima.

"Mke wangu," mumewe alinong'ona, akizifunga chupa za dawa, "hii si ya vidonge."

Wakamwita mganga. Alikuwa mama wa makamo, mnene, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Alisimama mlangoni akanusa.

"Karibu kiti, mama," alisema Baba Kidosho.

"Vimejaa," mganga alijibu, akaketi sakafuni.

Akafukiza ubani, akamlaza mtoto mapajani. "Haya, mgeni wetu. Una nini na mtoto wa watu?"

"Mgeni ni wao," ile sauti ilikoroma kutoka kifuani mwa Kidosho. "Nilikuwa hapa kabla ya tofali la kwanza. Nilijificha, sikumgusa mtu. Huyu mwanamke akanianika mbele za watu."

"Unataka nini sasa?"

"Kiti."

Baba mtu aliruka. "Achukue vyote! Achukue na meza!"

"Si hivyo vya miguu," mganga alimwambia kwa upole. "Anataka mtu wa kumkalia."

Bi Mchoro akapiga magoti. "Anikalie mimi. Mwachie mwanangu." Ile sauti ikacheka, ikasema yeye ni kiti kikuukuu.

Mganga alibembeleza, akakemea, akabembeleza tena, na moshi ukawa mzito hata wakawa hawaonani, na ukuta ukagongwa kutoka ndani kana kwamba kundi zima la waashi limefungiwa humo, hadi Kidosho akapiga chafya moja kubwa akasema kwa sauti yake, "Mama, nina njaa."

Harufu ikakatika.

"Kaenda wapi?" Bi Mchoro aliuliza, amemkumbatia mtoto hata anataka kumvunja.

Mganga alifuta miwani bila kumtazama. "Amefuata picha zako. Amekubali kukaa kule zilikopokelewa. Ukizirudisha, anarudi nazo. Zikichapwa zikasambaa, atakuwa na nyumba nyingi za kuchagua, hatawakumbuka."

Simu ikalia. Alikuwa mhariri wa jarida, mwanamke mchangamfu.

"Dada, hongera! Tumeipenda, tunaitaka jaladani. Nafanyia kazi nyumbani siku hizi, nakaribia kujifungua, nimezitandaza picha zako meza nzima. Hata mwanangu wa kwanza hataki kutoka kwenye ile ya ukuta. Ameanza kuisemesha sasa hivi, sijui anaona nini! Nahitaji ruhusa yako tu. Tuchape?"

Bi Mchoro alimgusa mtoto shavuni. Kidosho alikuwa amelala begani kwake, ngozi imepoa, pumzi zake zikimtekenya shingoni.

"Dada? Upo?"

"Nipo."

"Tuchape, au tukurudishie?"

Mganga aliinuka, akaenda kusimama nje.

"Chapeni," alisema Bi Mchoro.

Mumewe alimtazama alipoweka simu chini. "Nani huyo?"

"Jarida. Wamekubali."

"Hatimaye!" Alimkumbatia, machozi yakimtoka, akarudia hongera, hongera, mke wangu. Bi Mchoro alisimama wima katikati ya mikono yake.