Niangalizie Ndege

Kila siku baada ya shule, watoto wa Kwamsisi walikwenda kwa zamu kuamia ndege katika shamba la mtama la kijiji cha ujamaa. Mtoto alipanda juu ya dungu, jukwaa la miti, akapiga debe na kurusha mawe kwa kombeo, ndege wasimalize mtama. Kando ya shamba palikuwa na uwanja wa majani. Hapo Daktari Yordani wa misheni alitua mara moja kwa mwezi na ndege yake ndogo, kuja kutibu watu. Mlinzi wa uwanja, Mzee Mbaruku, kazi yake kubwa ilikuwa kufukuza mbuzi.

Alhamisi hiyo daktari alikuwa amekuja, nayo haikuwa zamu ya Zamda. Alikuwa akipita na kuni zake kichwani, Mzee Mbaruku akamjia mbio. Mzee alikuwa ameitwa zahanati kupanga masanduku ya dawa.

"Zamda, niangalizie ndege, nakuja sasa hivi," akasema, akaenda zake.

Zamda akasimama. Ndege gani? Ile ya daktari imetulia pale, nani ataiiba? Na ndege wa mtama ndio hao wametanda, dunguni hakuna mtu. Alitaka kumkimbilia mzee amuulize. Lakini akakumbuka jana darasani, Amne alivyomwigiza kwa sauti ya puani, "Mwalimu, mimi sijaelewa," darasa zima likacheka. Akatua kuni, akapanda dunguni, akapiga debe kwa nguvu zake zote.

Muda si mrefu daktari akarudi. Akaona uwanja mtupu, akawasha injini. Kwa ngurumo ile Zamda akazidisha debe, maana ndege wa mtama walikuwa wakiruka ovyo. Mbuzi waliokuwa wakila pembeni wakashtuka, wakakimbilia katikati ya uwanja. Ndege ilikuwa imeanza kuinua pua. Daktari akakata kona, gurudumu likaingia mtaroni, bawa likavunjika. Zamda akabaki na fimbo juu, haelewi anachokiona.

Daktari alitoka mwenyewe, damu ikimtiririka kwenye paji la uso. Alhamdulillahi, hakufa mtu.

Jioni watu walikusanyika ofisi ya kijiji. Mwenyekiti Semboja alisema Mbaruku ameacha lindo, na kesho wakubwa wakifika kutoka Handeni atafukuzwa kazi. Mzee akajitetea kwamba alimwachia Zamda.

"Unamsingizia mtoto," mwenyekiti akasema. "Sote tumemwona dunguni akifanya kazi ya kijiji, tena si zamu yake."

Watu wakamsifu Zamda. Sifa zile zikamchanganya zaidi. Akinyamaza, yeye amepona na mzee amekwisha. Akasimama.

"Mwenyekiti, mzee aliniambia niangalie ndege. Sikujua ni ndege gani. Na sikumuuliza."

"Kwani hapa tuna ndege wangapi?" akauliza mtu nyuma. Watu wakacheka, kisha wakamgeukia Mzee Mbaruku.

Mzee Mbaruku alikuna kichwa. "Nilisema ndege ya daktari," akasema. Akafikiri. "Au sikusema?"

Daktari naye, kichwa kimefungwa bandeji, akakiri kwamba hakumsubiri mlinzi ampungie mkono. Mwenyekiti akaona kosa limegawanyika. Mbaruku akabaki kazini, akaagizwa asiache tena lindo, na ile ya daktari kuanzia leo aiite eropleni. Siku ya tatu lori likaibeba kwenda Korogwe kutengenezwa.

Usiku ule wa mkutano, njiani kurudi nyumbani, Zamda alimuuliza mama yake, Mwanaidi, kosa lake hasa lilikuwa lipi, maana kazi aliifanya.

"Uliifanya, tena kwa jasho," mama akasema. "Lakini ulijua hujaelewa, ukaogopa kuchekwa. Kicheko cha Amne kingekwisha kabla hujafika nyumbani. Bawa lile litachukua miezi, na wagonjwa wetu watamngoja daktari. Ukitumwa neno usilolielewa, uliza papo hapo. Na umefanya vizuri kusema kweli, mwanangu. Mzee wa watu leo atalala usingizi."