Mtaa Mzuri Nilioutafuta kwa Uongo

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mtaalamu wa maabara katika kituo kimoja cha afya hapa Mbeya. Nimeolewa, au niseme tu kwamba pete bado iko kidoleni. Nina mtoto mmoja wa kike, Tusekile. Sote tunamwita Tuse. Ana miaka kumi na miwili sasa.

Ndugu wasomaji, naandika haya kwa sababu kila nikifungua simu nakuta akina mama wenzangu wanaulizana kwenye makundi. Mtaa gani una shule nzuri? Wapi pametulia kwa watoto? Wapi utaamka saa kumi na mbili na bado uwahi kazini? Ni maswali mazuri. Hata mimi niliyauliza, tena kwa miaka... Sikujua kama mtu anaweza kuyauliza mpaka nyumba yake ikavunjika.

Nimekulia kijijini, wilaya ya Kilolo. Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya bonde, na masika tulifika tumelowa mpaka kwenye madaftari. Darasa zima tulifaulu wawili tu kwenda sekondari. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja hakufaulu, akaolewa mwaka uleule. Nikaapa kwamba nikizaa, mwanangu hatasoma hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sidhani kama nimewahi kutulia tangu siku ile.

Nilipoolewa tulipanga Iringa mjini, Mlandege, vyumba viwili katika nyumba ya Mama Nasra. Mama Nasra ni Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, yeye na mumewe wanauza vitambaa mjini. Binti yao Nasra amemzidi Tuse miezi miwili. Watoto wale walikua kama mapacha. Asubuhi walikwenda pamoja shule ya serikali iliyo jirani, mchana wakarudi wameshikana mikono, na hukujua leo watakula kwa nani.

Mume wangu, Baba Tuse, alikuwa na karakana ya kuchomelea mageti, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Saa saba alikuja kula nyumbani. Mimi kazini nilikwenda kwa miguu.

Mkiniuliza leo nilikuwa nakosa nini, nitajibu nini?

Darasa la Tuse lilikuwa na watoto wengi. Basi. Hilo ndilo lililonichoma. Nikamwomba Baba Tuse tuhamie mtaa mwingine palepale Iringa, karibu na shule ya kulipia. Alikataa kwa upole. Alisema mtoto anashika namba nzuri, karakana ina wateja, mwenye nyumba amekuwa ndugu, sasa tunamkimbia nani? Nikaomba tena, akakataa tena. Mara ya tatu alicheka tu, akaniambia Mama Tuse wewe ungezaliwa dereva.

Kicheko kile kiliniuma kuliko inavyostahili.

Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye chuo, aliyekuwa amehamia Mbeya. Alikuwa akinitumia picha za mtaa wake. Barabara imetulia, maua kwenye uzio, basi la shule linasimama getini na watoto wanapanda wamevaa soksi nyeupe. Niliziangalia picha zile kazini, nikaziangalia jikoni... Mwishowe nikaandika barua kwa mwajiri wangu, kuomba kuhamishiwa Mbeya. Sikumwambia mtu.

Majibu yalipokuja nilirudi nyumbani nimekunja uso. Nikamwambia mume wangu kwamba serikali imenihamisha, sina la kufanya. Nililia mbele yake, ndugu zangu, na machozi yakatoka kweli! Akanishika bega. Akasema kazi ya serikali ndivyo ilivyo, na familia haigawanyiki, tutakwenda wote.

Akafunga karakana. Mashine akamwachia mwenzake. Tuse, aliyekuwa na miaka tisa, alimkumbatia Nasra pale barazani mpaka Mama Nasra akaja kuwaachanisha huku naye anajifuta macho kwa mtandio. Mimi nilikuwa ndani ya gari tayari. Nilikuwa nawaza soksi nyeupe.

Mbeya, Baba Tuse hakupata wateja. Alihangaika miezi mitano, kisha akapata kazi ya ufundi kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku, Mbarali. Akawa analala hukohuko, anakuja Jumamosi jioni, anaondoka Jumatatu alfajiri. Hakulalamika hata siku moja. Aliamini ni serikali iliyotuleta.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa Isyesye. Shule ilikuwa nzuri, lakini mvua zilipoanza, tope la njiani lilinikumbusha Kilolo, na nikaona nimerudi nilikotoka. Nikatuhamishia Uyole. Uyole shule ilikuwa jirani kabisa, ila mimi kila asubuhi nilikwama barabarani nyuma ya malori, nikifika kazini wagonjwa wamejaa kwenye benchi. Tukahamia Iwambi. Kule ukimya ulikuwepo, hewa ilikuwepo, lakini matokeo ya mtihani wa mwisho wa mwaka yalipotoka, nilikuta shule nyingine, upande wa Forest, imewapita.

Usiku ule sikulala. Niliwaza tu, kumbe tungekuwa kule!

Mnaona ugonjwa wenyewe? Kila nilipofika nilitulia wiki tatu, pengine nne. Kisha naanza kumpigia dalali. Nikipita mtaa wa watu nachungulia watoto wao wamevaa sare gani. Nilikuwa na daftari lenye majina ya shule, umbali wake, na dakika za kufika kazini. Katika daftari lote jina la Tuse halikuwemo.

Na Tuse alikuwa ananyamaza. Isyesye alileta marafiki wawili nyumbani. Uyole alileta mmoja. Iwambi hakuleta mtu. Mwalimu aliniambia kwamba anafanya kazi zake vizuri ila wakati wa mapumziko anakaa darasani peke yake. Nikajiambia kwamba anasoma.

Siku moja nilikuwa namshonea nembo kwenye sweta jipya. Alikuja akasimama karibu yangu, akaliangalia lile sweta.

"Mama, hapa tunakaa mpaka lini?"

Nilimjibu kwamba hapa ndipo, hatuhami tena. Akaitikia sawa. Hakuniamini, na mimi niliona kwamba haniamini, nikaendelea kushona.

Miezi miwili baadaye nilipata nyumba Forest. Dalali alisema kuna watu wengine wanaitaka, nijibu siku hiyohiyo. Ilikuwa Jumatano. Niliwaza kumpigia Baba Tuse, lakini nilijua atauliza maswali, na akiuliza nitashindwa kuyajibu... Nikakodi gari, Alhamisi tukahama. Nikasema nitampigia Ijumaa. Ijumaa nikasema Jumamosi asubuhi. Jumamosi nilikuwa natundika mapazia, muda ukapita.

Saa kumi na mbili jioni simu ikaita. Baba Tuse alikuwa amesimama Iwambi, na kiroba cha mchele begani, mbele ya mlango wetu wa zamani. Kwenye kamba zilianikwa nguo za watoto asiowajua. Mwanamke mgeni alikuwa amemfungulia na kumuuliza anamtafuta nani.

Nilimwelekeza njia kwa simu, kama unavyomwelekeza mgeni. Alifika na bajaji, akaweka kiroba chini, akakaa kwenye kochi ambalo bado lilikuwa katikati ya sebule. Nilisubiri anifokee, lakini hakufoka.

"Mama Tuse," aliniambia, "mtu akiniuliza nakaa wapi, nimjibu nini?"

Nikaanza kueleza habari za shule. Kwamba ni dakika tano kwa miguu, kwamba kituo changu cha kazi kiko karibu, kwamba watoto wa hapa wanafaulu wote. Nilieleza sana. Tuse alikuwa amekaa kwenye boksi la vyombo, ananiangalia mdomo.

Ningejua, ningenyamaza na kuomba msamaha hapohapo, nikasema na ule uongo wa barua. Nafasi niliipata, tena sebule nzima ilikuwa imetulia.

Kesho yake, Jumapili, nilikuwa naandaa cheti cha kuzaliwa ambacho shule mpya ilikitaka Jumatatu. Nilimtuma Tuse akitafute kwenye bahasha ya nyaraka zangu. Alikaa chumbani muda mrefu. Alipotoka hakuwa na cheti, alikuwa na karatasi moja imekunjwa. Akapita mbele yangu kama hanioni, akampa baba yake.

Ilikuwa nakala ya barua yangu. Naomba kuhamishiwa Mbeya kwa sababu za kifamilia. Jina langu, sahihi yangu, tarehe. Kwa nini niliitunza? Mpaka leo sijui.

Baba Tuse aliisoma taratibu. Kisha akaniuliza swali moja tu, lile chozi nililolia Mlandege lilikuwa la nini. Aliyesema ni Tuse, kwa sauti ya chini:

"Ulisema ni serikali. Nikamwambia na Nasra ni serikali."

Mume wangu hakungoja Jumatatu. Alichukua begi lake mchana uleule. Mlangoni alimshika Tuse kichwa, akampa hela ya matumizi ya shule, akaondoka. Mimi hakuniaga.

Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa kwenye hadubini kazini, mwalimu mpya akanipigia kuuliza kama mtoto anaumwa, maana hajafika. Nilimwona akitoka getini na sare kwa macho yangu! Shule yenyewe dakika tano! Nilikimbia na koti la maabara mpaka nyumbani, nikakimbia shuleni, nikasimama barabarani nawauliza watu ambao siwajui na wao hawanijui. Mtaa mzima hapakuwa na mtu hata mmoja anayeijua sura ya mwanangu. Tulikuwa na siku tano pale. Nani angemtambua?

Nilikuwa naelekea polisi simu ilipoita. Ni Baba Tuse. Alisema Tuse yuko naye, mzima, na nisilie barabarani.

Tuse alikuwa amepanda basi la Iringa. Alimdanganya kondakta kwamba mama yake anamsubiri Igawa, kwa sababu nauli yake iliishia hapo. Aliposhuka akakaa karibu na mama mmoja anayewauzia abiria mahindi ya kuchemsha. Mama yule aliona sare, akaona mtoto yuko peke yake, akamsogezea kigoda na kumpa hindi. Akamuuliza taratibu mpaka akataja namba ya simu aliyoishika kichwani. Ilikuwa ya baba yake, ambaye Ubaruku si mbali na hapo, naye akaenda kumchukua. Namba yangu nayo anaijua. Hakuitaja...

Nilifika Ubaruku jioni ile. Nilimkuta Tuse amekaa kwenye magunia matupu nje ya mashine, vumbi la pumba limemjaa nywele, anakula wali. Aliponiona aliacha kula. Nilipiga magoti, nikamwomba msamaha, nikamwambia turudi nyumbani.

"Nyumbani wapi, mama?"

Hakusema kwa jeuri. Aliuliza kweli. Nami nikabaki nimepiga magoti kwenye pumba za watu.

Baba Tuse aliacha kazi mwisho wa mwezi. Alirudi Iringa na mtoto. Mama Nasra alikuwa amepangisha vyumba vyetu vya zamani, akawapa chumba cha uani mpaka vile vya mbele vilipoachwa wazi. Tuse alirudi shule yake ileile ya watoto wengi, akakalishwa dawati moja na Nasra. Karakana ilishachukuliwa, sasa mume wangu ni kibarua wa yule aliyemwachia mashine. Hilo nalo ni la kwangu, nalibeba.

Na mimi? Niliomba kurudi Iringa. Ofisini waliniangalia. Waliniambia mtu hawezi kuhama kila anapojisikia, nisubiri. Nasubiri. Nyumba ya Forest nimeirudisha, nimechukua chumba kimoja. Ijumaa nikitoka kazini napanda basi, nafika Mlandege giza limeingia. Jumapili mchana narudi. Mimi niliyehesabu dakika tano, sasa nakata masaa njiani kwenda kumwona mwanangu, na masaa mengine kurudi.

Mume wangu ananipokea. Ananiwekea maji ya kuoga. Hajasema ameniacha, hajasema amenisamehe. Usiku analala ameelekea ukutani, na mimi siulizi.

Wiki iliyopita nilikuwa naosha vyombo uani. Mpangaji mpya, bibi mmoja wa Kihehe, akanisalimia kamwene, kisha akamuuliza Tuse mgeni wao huyu anatoka wapi. Tuse hakunyanyua macho kwenye daftari.

"Ni mama. Anakaa Mbeya."

Niliendelea kusuuza sahani ileile, sijui mara ngapi.

Akina mama wenzangu, akina baba pia. Tafuteni shule nzuri, sikatazi. Angalieni barabara, angalieni maji, pimeni na mwendo wa kufika kazini. Lakini kabla hujampigia dalali, kaa na mwenzako umwambie ukweli wote, hata kama unajua atakataa. Akikataa, msikilize anakataa kwa nini. Mkalishe na mtoto, umuulize anacheza na nani, nani anamsubiri asubuhi, mwalimu gani anamjua kwa jina. Nami nawaombeni, msimdanganye mtoto kuhusu kwa nini mnahama. Tuse ameanza kunionyesha madaftari yake tena, moja moja, pale anapotaka yeye. Sijamuuliza kama nikirudi kabisa atafurahi. Naogopa atanijibu ukweli.