Ngumi ya Kozue

Kozue Sugawara hakuelewa somo la hesabu, na asubuhi hiyo walimu wa shule nne walikuwa wanakuja kumtazama akijifanya anaelewa.

Shule za mji wa Yokote hutembeleana hivyo kila mwaka. Mwalimu mmoja hufundisha, wenzake wa shule nyingine husimama ukutani wakiandika, kisha hukaa pamoja kulijadili somo mpaka jioni, ili wote wafundishe vizuri zaidi. Safari hii zamu ilimwangukia Mwalimu Onodera wa darasa la tano. Akaogopa. Juma lililotangulia alilifundisha somo lilelile kwa siri, akawapa watoto majibu.

"Siku hiyo wote nyosheni mikono," aliwaambia. "Anayejua, kiganja wazi. Asiyejua, akunje ngumi. Nitachagua viganja tu."

Asubuhi hiyo, wakivua viatu kwenye rafu za mlangoni, Ryuhei wa darasa lake alimchokoza Kozue. "We, ngumi yako hujaisahau nyumbani?"

"Niache."

"Ukiharibu, Mwalimu ataaibika mbele za watu. Na sisi tutakukumbuka."

Wageni waliingia kimya wakiwa na ndara za wageni miguuni. Mwanamke mzee, Mwalimu Hatakeyama wa shule ya ng'ambo ya mto, alisimama nyuma ya Kozue na kuinamia daftari lake. Kozue alisikia pumzi yake.

Ubaoni palikuwa na mabanda mawili. La kwanza lina mita sita za mraba na sungura tisa. La pili lina mita tano na sungura wanane. Lipi limebanana zaidi?

"Nani anajua?"

Mikono yote ikaenda juu. Kozue aliinua ngumi, lakini vidole vyake vikafunguka vyenyewe.

"Haya, Kozue!"

Alisimama.

"Moja nukta sita," Ryuhei alimnong'oneza. "Sema, banda la pili!"

"Banda la pili," alisema Kozue.

"Vizuri sana! Kwa nini?"

Hilo nalo alikuwa amekaririshwa. Alifungua kinywa, sentensi ikapotea. Kalamu za wageni zilisubiri.

"Sijui, Mwalimu," alisema, machozi yakimlenga. "Hata juma lililopita ulipotufundisha hili, sikuelewa."

Kalamu zikasimama. Ryuhei akafunika uso. Mwalimu Onodera alikuwa mweupe kama chaki aliyoishika.

"Ni kweli," aliwaambia wageni, akainama kuomba radhi. Kisha akamgeukia Kozue. "Ni nini hasa huelewi?"

"Mimi niligawa mita kwa sungura. Banda la pili likapata jibu dogo. Dogo linawezaje kuwa ndilo lililobanana?"

Halafu mtoto mmoja akanyosha ngumi. Wa pili akafuata. Mwisho Ryuhei naye, kichwa chini.

"Haya," alisema Mwalimu. "Hiyo ni nafasi anayopata kila sungura. Wewe ungependa kulala kwenye nafasi kubwa au ndogo?"

"Kubwa... Aa! Penye ndogo ndipo walipobanana!"

Kesho yake, wakati wa usafi, Mwalimu Onodera alichukua tambara akapiga magoti ukumbini kando ya Kozue, aliyekuwa akipangusa sakafu.

"Umenikasirikia, Mwalimu?"

"Hapana. Nimejiaibisha mwenyewe. Wenzangu walikuja kunisaidia, nami nikawaficha mahali ninapokwama, nikakufundisha na wewe kuficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usipojua, sema hujui. Ndipo mtu ataweza kukusaidia."

Somo la siku ile halikufika mwisho. Kengele ililikuta katikati. Jioni yake Mwalimu Onodera alikaa mbele ya wenzake mpaka giza likaingia, akijibu maswali yao. Baadaye ilimlazimu kuliandaa somo upya pamoja na Mwalimu Hatakeyama, na kulifundisha ng'ambo ya mto, kwa watoto asiowajua, walimu walewale wakiwa ukutani. Naye Kozue, aliyesuswa na wenzake, alikula chakula cha mchana peke yake juma zima, mpaka Ryuhei alipovuta kiti akaketi kando yake.