Silinda Namba Mbili

Kikohozi cha mama kilikuwa kinafuata injini. Hilo ndilo jambo la kwanza Spana aliloliona siku aliyorudi kwa wazazi wake, na kwa muda alijidanganya kwamba ni masikio yake tu. Gari la baba lilikuwa limewashwa kwenye gereji iliyoshikana na nyumba, likiunguruma pale pale, na kila lilipokwama kidogo, mama naye chumbani alikohoa. Likikwama, anakohoa. Likikwama, anakohoa. Baba alipolizima, mama akapata usingizi.

Spana si jina lake. Mtaa ulimbandika enzi za usichana wake kwa ajili ya ovaroli zake, likamganda, na sasa alikuwa fundi mwenye karakana yake mji mwingine, ambaye hata madereva wenye vitambi humwita dada kwa adabu. Ufundi aliuanza kwa kuchungulia dirisha la gereji hii, maana baba hakuruhusu mtoto yeyote aliguse gari lake. Lilikuwa gari la kale, jeusi, lenye usukani mwembamba na viti vya ngozi, na mzee alilipenda kuliko watu. Hapo sitii chumvi. Mkewe alikuwa na miezi mitano kitandani, lakini siku alipompigia bintiye simu aje upesi, alichotaja ni kwamba injini inamisi, inakwamakwama, na Jumamosi kuna maonyesho ya magari ya zamani.

Spana aliuliza mama anaumwa nini. Kifua, mzee akajibu, akamkabidhi taa.

Mengine aliyapata kwa kaka yake mkubwa, aliyeishi humo humo na mkewe. Hospitali walipima wakakosa ugonjwa. Mganga aliyeitwa aliishia uani; alisimama mbele ya mlango wa gereji, akanusa, akasema mgonjwa hayuko chumbani, akaondoka bila hata kudai nauli. Kaka alimwona mbabaishaji. Spana hakuwa na uhakika huo, kwa kuwa na yeye alikuwa ameisikia ile harufu: petroli, oili, na chini yake nywele zilizoungua.

Alianza kama fundi yeyote anavyoanza. Injini ya silinda nne ikimisi, unaiacha ikiunguruma, unachomoa waya wa plagi mmoja mmoja, unasikiliza. Ukichomoa injini ikayumba, silinda hiyo ni nzima, rudisha waya. Ukichomoa na kusiwe na tofauti, umempata mgonjwa. Ni kazi ya dakika mbili.

Alichomoa namba moja. Injini ikayumba, na sebuleni kiti kikaanguka. Mke wa kaka akaanza kumwita mumewe kwa sauti ya chini, ya mtu anayekataa kuamini anachokiona. Spana alirudisha waya akakimbia ndani, akamkuta kaka yuko sakafuni kashika koo. Kaka alisema amepaliwa tu. Hakuwa na kitu mdomoni.

Namba mbili haikuleta tofauti kubwa kwenye injini, ila kikohozi cha mama kilikatika, na kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kikohozi chenyewe, hata akarudisha waya upesi. Namba tatu ilimkuta yeye. Hewa haikupungua, iliisha, kifua kikawa kigumu kama ubao, akaipapasa ile plagi haoni mbele mpaka waya ulipoingia na pumzi ikarudi na ladha ya moshi. Namba nne aliichomoa kwa kujilazimisha. Hapakutokea kitu, si kwenye injini, si ndani ya nyumba. Silinda hiyo ilikuwa imekufa siku nyingi.

Alizima injini, akaweka ufunguo mfukoni, akaitoa betri, akafungua kava ya valvu.

Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka uani na majirani wanacheka ng'ambo ya ukuta, na ndani ya injini ile iliyozimwa valvu zilikuwa zinapanda na kushuka zenyewe, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala, za silinda ya kwanza kwa nguvu za mwanamume mzima, za tatu zikienda mbio na kadiri alivyozidi kuogopa zikizidi kwenda mbio, za pili zikijikokota na kukwama na kujikokota tena, na za nne zimetulia tuli katika kutu, na kwenye chuma, juu ya kila silinda, palikuwa na jina lililochongwa kwa msumari, kwa mwandiko wa baba, ule ule uliokuwa ukisaini ripoti zao za shule: la kaka, la mama, la kwake, na pale namba nne, jina la kitinda mimba wao, aliyefia mezani akiwa na miaka minane, asubuhi, hana hata homa, siku ambayo baba alitoka gereji na oili mikononi, akasimama mlangoni, na hakuuliza kimetokea nini.

Familia ilikuwa ya watu watano. Majina yalikuwa manne. Spana aliyahesabu mara mbili.

Mzee alikuwa nyuma yake muda wote huo, na hakukana. Alieleza kwa minong'ono, kama anayechelea kusikiwa na gari. Miaka miwili alihangaika na injini hii ikigoma kuwaka, ndipo mchana mmoja akatokea mtu mlangoni, msafi, hana hata vumbi kiatuni, akaomba majina manne tu. Mzee akaandika. Gari likawaka. Tangu hapo ameitunza injini kama mboni ya jicho, alisema, na alisema kama mtu anayedai shukrani. Namba nne aliifungua mwenyewe kubadilisha ringi za pistoni. Hakujua. Sasa ya mbili imechoka, na mikono yake haithubutu. Alitumaini ni plagi tu.

"Jina lako liko wapi?" Spana aliuliza.

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi? Sasa nani angeitengeneza?"

Spana alichukua tupa. Mzee akamshika mkono, akamwonya kwamba ukifuta jina usipoweka jingine, yule mgeni atajichagulia mwenyewe, na hatachagua mmoja. Kisha akamsogelea sikioni.

"Andika la mke wa kaka yako. Yule ana kifua kizuri. Jumamosi litakuwa limetulia kabisa."

Spana aliuvuta mkono wake kwa hasira, mzee akaachia. Akasaga jina la mama hadi chuma kikang'aa, na valvu zote zikasimama kwa pamoja, na pumzi yake ikasimama nazo, na vioo vya gari vikaingia ukungu kwa ndani ilhali hapakuwa na mtu ndani. Kitu kilikuwa kinangoja. Akashika msumari, macho yakimwingia giza, akachonga jina la baba yake kwa herufi kubwa. Kwenye herufi ya pili mzee alimrukia. Kwenye ya nne mzee akaanguka chini.

Chumbani mama alivuta pumzi ndefu, ya miezi mitano, akaomba maji.

Injini iliwaka bila betri. Ilikuwa bado inakwama, pale pale ilipokuwa inakwama, na mzee, akiwa ameketi chini ameegemea tairi, alikohoa. Ikikwama, anakohoa. Aliweka kiganja kifuani akasikiliza kwa ule umakini aliokuwa hajawahi kumpa mtu yeyote nyumbani mwake.

"Inamisi," alinong'ona. "Mwanangu, inamisi. Itengeneze."

"Naisikia, baba," Spana alisema.

Akajifuta mikono kidole kimoja kimoja, akaenda kumpelekea mama yake maji.