Sekunde ya Arobaini na Moja

"Nyundo, unanipata?"

"Nakupata, Mkuu."

"Anayechezea taarifa za umeme ni mhandisi wa chumba cha mitambo cha shirika la umeme. Mlete."

Askari Nyundo alitabasamu, mara ya kwanza kwa miezi.

Mhandisi huyo ndiye aliyemwoa mtalaka wake.

Alipanda ngazi mbilimbili, bastola ya Glock kiunoni, pingu mkononi. Saa nane mchana. Mhandisi alikuwa peke yake mbele ya skrini. Shati jeupe, mikono imepigwa pasi mikunjo miwili. Nyundo aliijua mikunjo ile. Kwa miaka sita mwanamke yule aliipiga kwenye mashati yake.

Roho ilimchoma.

"Simama, bwana mdogo."

"Nifunge, kaka, ila tazama hapa kwanza." Mhandisi hakugeuka. "Kila transfoma ina kisanduku kinachotuma kipimo cha joto lake kwa redio. Viwili vikisema pamoja vinagongana, ndiyo maana kila kimoja nimekipa sekunde yake. Zimo kwenye daftari langu tu. Cha hospitali husema sekunde ya arobaini na moja. Tangu asubuhi kinasema dakika ikianza."

"Kwa hiyo?"

"Kuna mtu anasema kwa niaba yake. Anadanganya transfoma imepoa, kumbe inachemka. Ikilipuka, kuna wagonjwa wamelala pale wanapasuliwa."

"Mbona huizimi?"

"Redio ya mtu huyo, iliyo karibu na transfoma, inaziba amri zangu."

Pingu zilimwasha kiganjani. Akimfunga, nani atamlaumu? Amri ni amri.

Aliitazama mikunjo ile mara ya mwisho, akazitia pingu mfukoni.

Land Cruiser ilikula dakika nne hadi hospitalini.

Nyuma ya hospitali transfoma ilinguruma, mafuta yakichuruzika ubavuni. Kando yake gari la dobi, antena imechungulia dirishani. Nyundo alivunja kioo kwa kitako cha bastola. Ndani, mtu mmoja na kompyuta mapajani. Mkono wake ukakimbilia chini ya kiti.

Ngumi moja. Akalala.

Nyundo akang'oa waya wa antena.

"Mhandisi, zima," alisema kwenye simu.

"Nimezima. Hospitali iko laini ya pili. Taa hazikupepesa hata kidogo."

Ngurumo ikafa. Nyundo alimfunga pingu yule wa garini, na simu ikaita. Namba aliyoifuta bila kuisahau.

"Nasikia umetumwa kumkamata mume wangu."

"Hana kosa. Yuko salama."

"Ahsante. Na wewe, umeumia?"

"Shati tu, limelowa mafuta."

Akakata. Akakunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko, mafuta na makunyanzi yote, akampakia mfungwa wake, akaondoka bila kugeuka.