Msonyo wa Fundi

Shoga yangu si mwongo, na tangu anisimulie haya mwanangu simtoi kifuani. Yule fundi cherehani tuliyesoma naye, Bi Msonyo, eti leo wanamlilia kama malaika. Wanafiki wakubwa. Yule alikuwa akikusonya hata ukimsalimia, msonyo mrefu wa mate, mdomo umevutwa upande.

Basi shoga akaenda kwao kuchukua gauni lake, mtoto mgongoni amelala. Mama wa marehemu akamwambia, "Ingia tu mwanangu, chumba kile mimi sikiwezi." Umeme umekatika, ndani giza tupu. Akapapasa vitambaa, akalikuta gauni halijatiwa hata mikono.

"Hata kufa umekufa na uvivu wako, shosti," akasema.

Akasonywa. Vilevile, kwa mate. Akadhani ni mama mtu, kumbe mama alikuwa uani, anasikika akifua. Akarudi kinyumenyume. Ukaja msonyo wa pili, shingoni kabisa, na mate ya moto yakamchuruzika.

Alipofika mlangoni akamzungusha mtoto mbele, kwenye mwanga. Macho kayafumba, anakoroma, na kimdomo kinavutika upande, taratibu, kinajiandaa tena.